Siku Shangazi Alipohamishwa

"Umeniulia mume, Nyamizi! Umeniulia mume mchana kweupe, watu wanakunywa chai!"

"Mama Sikitu, mumeo si huyo hapo ukutani anatafuna karanga?"

"Sasa hivi ndiyo anatafuna! Muda si mrefu uliopita alikuwa marehemu! Nimeshavua hereni, nimeshajifunga khanga kichwani, nimeshampigia dada yake Urambo. Wifi yangu yuko njiani na sufuria la msibani. Nani atamrudisha? Wewe?"

Ghorofa ya pili ya Kota ya Reli ilikuwa imejaa. Watu walitoka na vikombe vyao, wengine na mswaki mdomoni, wakaegemea ukingo wa korido kama wako jukwaani uwanjani. Mlango wa Mama Sikitu ulikuwa wazi, na ukutani, nyuma yake, sura ya mumewe ilionekana kubwa, ikirushwa moja kwa moja kutoka stesheni ya Uvinza, shavu limejaa.

"Mama Sikitu, waambie mimi mzima," sura ikasema.

"Wewe nyamaza! Sijamaliza na msiba wako!"

Watu wakaangua kicheko. Nyamizi hakucheka. Yeye ndiye fundi wa mtambo wa Kota, na bisibisi ilikuwa bado iko nyuma ya sikio lake tangu kazi ya jana.

"Niambie polepole, mama yangu. Ulibonyeza nini?"

"Nilibonyeza kitu gani kipya? Kitufe cha kijani, kama kila siku! Nikamuuliza Shangazi wa ukutani, mwenzangu yuko wapi saa hizi? Kila siku ananiambia yuko Kaliua, yuko Uvinza, treni imechelewa. Leo kanijibu," Mama Sikitu akajishika kifua, akashusha sauti mpaka ikatoka tumboni, "'Ewe mwanamke, keti chini! Mwenzio ameiaga dunia!' Sauti kama inatoka kaburini, jamani!"

"Mbona mwanzo ulisema alikwambia ujikaze?" akauliza mmoja wa majirani.

"Na hilo pia alisema!"

Hapo filimbi ikalia.

Hakuna mtu wa Kota asiyeijua filimbi hiyo. Mzee Mihambo alichezesha mpira wa daraja la kwanza enzi hizo Tabora ikijaza uwanja, na alipostaafu akahamishia kazi kwenye korido. Watu wakigombana, hutoka na shati lake jeusi lililonyooshwa, hupuliza, husikiliza pande zote mbili, kisha hutoa kadi ya njano aliyoikata kwenye mfuniko wa kopo la siagi. Ukipewa kadi unanyamaza. Hata Mwenyekiti wa jengo amewahi kupewa. Hakuna anayemwita Mihambo tena. Ni Refa tu.

"Mchezo usimame," Refa akasema. "Mama Sikitu, rudia. Ukuta umekwambia nini?"

Mama Sikitu akafungua mdomo kwa kishindo, lakini mbele ya Refa kishindo chake hupungua chenyewe. "Umeniambia nikae kwanza, Refa. Ndiyo ukanipa hiyo habari. Kwamba mwenzangu hayupo."

Refa alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni kutafuta kadi. Mkono ukabaki humo humo. Akamtazama Mama Sikitu, akautazama ukuta, akawa kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwenye soko la mji asioujua. Halafu akageuka, akarudi kwake, akafunga mlango.

"He! Refa leo kasusa mechi," mtu akasema.

Nyamizi aliuona ule mkono. Lakini hakupata nafasi ya kuufikiria, maana korido nzima ilikuwa imeshaanza kuongea kwa pamoja. Kumbe si Mama Sikitu peke yake. Mwoka mikate wa juu aliuliza habari za jiko, akaambiwa jinsi ya kumjibu mama mkwe anayenusa sufuria. Kijana wa mwisho wa korido aliuliza taa, akafundishwa kuficha kipara. "Na kipara sina!" akaapa, akivua kofia kuonyesha ushahidi. Watu wakacheka mpaka vikombe vikamwagika.

Kisha kicheko kikakatika kama maji ya bomba. Kila mmoja alikumbuka kwamba na yeye amewahi kumuuliza Shangazi kitu.

"Ifutwe kumbukumbu yake," akasema mtu kwa sauti ndogo.

"Ifutwe yote!"

Mwenyekiti Ntahondi, ambaye hupenda kuonekana anaongoza jambo hata likiwa limeshafika mbele yake, akapiga makofi. "Imeamuliwa! Nyamizi, kabla jua halijazama, faili zote za msaada zifutwe. Turudishiwe Shangazi wa kiwandani, anayejua jiko na bomba tu."

Wote wakaitikia. Mlango wa Refa haukufunguka.

*

Mtambo wa Kota ulikuwa mzee kuliko Nyamizi. Uliletwa pamoja na lifti jengo lilipojengwa. Kampuni iliyouleta ilikufa, lifti ikafuata, mtambo ukabaki unavuma kwenye chumba cha chini ya ngazi, karibu na ndoo za usafi. Ulikuwa unawasha taa, unafungua maji, unasema na kila ukuta wa kila nyumba.

Mle ndani mlikuwa na faili za msaada. Mwanzo zilieleza tu jinsi ya kuwasha jiko na kuzibua sinki. Lakini mashine ilitengenezwa ijifunze kwa kila swali, na watu wa Kota ni watu wa maswali. Ukiwa na jambo usiloweza kumuuliza mama yako, unamwendea shangazi. Basi jina likapatikana. Watu wakamwambia Shangazi ya jikoni, kisha ya chumbani, kisha ya moyoni, na kila nyumba ikawa na faili lake lililonenepa kwa siri za nyumba hiyo.

Tatizo lilianzia juu ya paa. Ukame uliposhika, Kota ilifunga nyavu za umande: usiku zinanasa unyevu wa hewa, alfajiri zinaukamulia kwenye matangi. Nyavu zilitaka programu ya kuziongoza, na mtambo ule wa kizamani hauwezi kuanzisha programu yoyote ila iwe kwenye folda ya mbele, ambayo ni ndogo. Shangazi alikuwa ameijaza. Ikabidi ahamishwe kwenye folda ya nyuma, yenye nafasi kubwa.

Kazi rahisi. Nyamizi aliifanya jana huku akila michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa.

Kosa alilijua sasa. Kwenye folda ya mbele, kila faili lilikaa ndani ya kifolda chenye namba ya mlango. Na Kota nani anajua namba ya mlango? Watu hapa wamebadilishana nyumba miaka yote bila kumwambia mtu. Aliyepata mapacha anahamia kwa mjane mwenye vyumba vitatu, mjane anashuka chini kwa sababu ya magoti, na ukimtafuta mtu unauliza kwa Mama Fulani, kwa Baba Fulani. Hata mleta vifurushi huita majina ya watoto kutoka uwanjani. Nyamizi alipoziona zile namba akaziona takataka. Akazoa mafaili, akaziacha namba zifutike. Kumbe namba hizo ndizo zilizokuwa milango. Sasa siri zote zilikuwa kwenye chumba kimoja bila kuta, na ukuta wowote ukiulizwa uliokota jibu lolote lililofanana na swali. Mama Sikitu aliuliza aliko mwenzake, akaelezwa aliko mwenzake mtu mwingine.

Mwenzake nani?

"Hodi humu."

"Karibu. Shikamoo, baba."

"Marahaba." Refa akaingia, akatafuta pa kukaa, akachagua sanduku la vifaa. Akasikiliza mtambo unavyovuma. "Binti, nina mchezaji wangu mmoja," akaanza. "Mchezaji mzuri. Lakini siku hizi akipewa mpira anasahau goli liko upande gani."

Nyamizi akaweka bisibisi chini.

"Huyo mchezaji, leo asubuhi amemimina chai vikombe viwili. Amekaa. Chai imepoa. Akaona mwenzake anakawia, akabonyeza, akauliza. Akafundishwa kuzibua sinki." Refa alicheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Akakaa tena akamngoja. Mpaka aliposikia mama mmoja anapiga kelele kwamba mumewe kafa, akatoka na filimbi kuamua. Na pale kwenye korido, mama aliposema 'nikae kwanza,' ndipo akakumbuka. Nimefiwa upya, binti, mbele ya watu, na filimbi mkononi."

Nyamizi alimkumbuka Bi Mwamvita, mke wa Refa, aliyekuwa akicheka ghorofa ya pili na wa ghorofa ya nne wakauliza kuna nini. Siku ya kumzika viti viliazimwa mpaka mtaa wa pili.

"Tangu lini, baba?"

"Ningejua tangu lini si ningekuwa mzima?" Akajifuta uso kwa kiganja. "Haiji kila siku. Ikija, namuuliza Shangazi. Nilimfundisha mwenyewe, siku ambayo kichwa kilikuwa kimetulia. Nikamwambia, nikikuuliza mke wangu yuko wapi usinirushie tu. Kuna namna ya kuniambia. Ananiambia kwa namna hiyo, nalia kidogo, naoga, natoka. Mtu akiniona anaona refa."

"Na watoto wako wanajua?"

"Binti yangu wa Mwanza akijua leo, kesho nimeshapakiwa. Ana nyumba nzuri yule. Geti, maua, na ukimya ambao unasikia friji inawaza. Nitakufa kwa ule ukimya, Nyamizi. Hapa hata nikisahau jina langu, kuna mtu atapita koridoni aniite." Akamshika mkono. "Usimwambie mtu. Na usifute."

Nyamizi alikuwa na njia mbili, zote mbaya. Akifuta kama alivyoagizwa, siri za jengo zima zinapona, na huyu mzee anabaki na vikombe viwili kila siku na ukuta unaojua jiko tu. Asipofuta, itabidi afungue faili moja moja, asikilize, ajue lipi la nani. Atakuwa amekula siri za Kota nzima. Atampaje mtu salamu ya asubuhi baada ya hapo?

Akafikiri huku akigonga meza kwa kucha. Halafu kucha zikasimama.

"Mtambo unaweza kutafuta maneno," akasema. "Mimi sihitaji kusikiliza. Mwenye faili anakuja, ananong'ona humu sentensi moja aliyowahi kuambiwa na Shangazi wake. Mtambo unatafuta faili lenye maneno hayo, mimi naweka kibao kwenye folda ya mbele: wa mlango huu, faili lako liko kule nyuma, pale. Kibao hakina uzito. Nyavu zinabaki, maji yanabaki, kila mtu anarudishiwa wake bila mimi kujua kitu." Akamgeukia. "Tuanze na wewe. Shangazi alikuwa anakwambia maneno gani? Lakini lazima yawe yenyewe, neno kwa neno. Huu mtambo haujui kukisia."

Refa akafungua mdomo. Akaufunga. Akatazama dari, akatazama ndoo za usafi.

"Kuna kukaa," akasema. "Kuna… ilikuwa na kukaa." Mabega yakashuka. "Ningeyakumbuka maneno, binti, nisingeyahitaji."

Nyamizi alijaribu mwenyewe. Akaandika yale ya Mama Sikitu: keti chini. Mtambo ukakataa. Ameiaga dunia. Ukakataa. Jikaze. Ukaleta faili la mtu mwenye choo kigumu, akalifunga haraka. Nikae kwanza. Hakuna.

Mtu mmoja tu katika Kota nzima alikuwa ameyasikia maneno yale na bado alikuwa na kumbukumbu nzima. Na mdomo wa mtu huyo, ukiupa habari ghorofa ya pili, inakutangulia getini.

*

Mama Sikitu alikuwa jikoni anatwanga karanga za kisamvu, kwa nguvu zaidi ya karanga zinavyohitaji. Wifi yake wa Urambo ameshafika, sufuria la msibani liko mlangoni, kubwa kama beseni la kuogea, na wifi mwenyewe amelala chumbani kwa uchovu wa kulia njia nzima.

"Umekuja kuomba radhi au umekuja kula?"

"Nimekuja kuomba radhi. Na nimekuja kukuuliza kitu, maana nitaweka foleni, kila mtu aunong'oneze mtambo maneno yake arudishiwe faili lake. Yale maneno ya Shangazi, mama yangu. Yote, tangu mwanzo."

Mama Sikitu akaacha mchi, akajiweka sawa. "Basi nikabonyeza. Ukuta ukatetemeka! Sauti ikasema, Ewe mwa…"

"Sitaki ya koridoni," Nyamizi akasema. "Nataka ya ukutani."

Mama Sikitu alitaka kukasirika. Akamtazama Nyamizi usoni, akaona kuna kitu, na kukasirika kukamshinda. Akavuta kigoda. Alipoongea tena, sauti ilikuwa ya mtu wa kawaida, mke wa mtu, ambaye asubuhi ile alidhani ameachwa mjane.

"Hakikuwa kitisho, nikisema kweli. Ilikuwa sauti ya upole. Ile ndiyo iliyoniliza. Ilisema, 'Kaa kwanza kitini. Umekaa?' Ikangoja. Mimi nikakaa kweli, mjinga mimi. Ikasema, 'Mwenzako hayupo, alishatangulia. Ulimzika vizuri, watu walijaa.' Nikawa nalia, nashangaa, nimemzika lini? Halafu ikaendelea na vitu visivyo na maana, ndiyo maana huko nje sikuvisema, vinaharibu hadithi. Ikasema, 'Shati liko kwenye kamba. Filimbi iko kwenye msumari nyuma ya mlango. Sasa…'"

Akauchukua tena mchi.

Nje, mtu alikuwa anaita mtoto. Karanga zilikuwa zimenata kwenye mchi, na Mama Sikitu alizikwangua kwa kidole taratibu, kama kwamba kazi hiyo ndiyo iliyokuwa muhimu kuliko zote.

"Filimbi," akasema.

Nyamizi alikuwa ameombwa asimwambie mtu, na hakumwambia mtu. Lakini alijua tofauti hiyo ni nyembamba, na kwamba alipanda ngazi akijua Mama Sikitu atakisia.

"Na mimi nikasimama pale nikaigiza," Mama Sikitu akasema. "Ewe mwanamke keti chini. Mbele yake. Watu wanacheka, na yeye amesimama pale." Akajifunika mdomo kwa khanga. Alipoifunua, macho yalikuwa mekundu. "Anaambiwa hivyo kila siku?"

"Zile siku anazouliza."

"Na ni nani anayemwambia? Ukuta?"

"Alichagua mwenyewe, mama. Hataki watu wajue."

"Ukuta unamwambia nenda kale. Ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho, 'Sasa nenda ukale.' Ukuta utajuaje kama amekula?"

Tangu asubuhi Nyamizi alikuwa anahangaika na jinsi ya kumrudishia mzee sauti yake, hakuwa amejiuliza kama ni haki kumrudishia sauti na kumwacha nayo peke yake. Lakini ni yeye aombaye. Ni maisha yake, ni msiba wake, ameupangia namna. Nani Kota nzima ana ruhusa ya kuupangua?

"Mdomo wangu unaujua," Mama Sikitu akasema hatimaye.

"Naujua, mama yangu."

"Hata mimi naujua. Haya, toka, nimalize kisamvu changu. Foleni yako ikianza niite."

*

Mwenyekiti Ntahondi alipinga kwa dakika chache, kwa ajili ya heshima ya kiti chake. Imeshaamuliwa kufuta, kwa nini tena kunong'ona? Nyamizi akaeleza: atakayenong'ona atarudishiwa lake, lisilodaiwa litafutwa jua likizama. Mwenyekiti akakohoa, akasema kama ni hivyo basi kiongozi huonyesha mfano, akawa wa kwanza mlangoni. Alikaa ndani muda mrefu. Alitoka anatembea kama mtu aliyepata tena ufunguo wa nyumba.

Foleni ilipanda ngazi. Nyamizi alikuwa amekaa nje ya chumba, mgongo kwa mlango. Mtu anaingia, anaunong'oneza mtambo, anataja kwa Nyamizi peke yake, kupitia upenyo wa mlango, jina la nyumba yake, kwa Mama Fulani au kwa Baba Fulani, na Nyamizi, kwa kioo kidogo cha mtambo alichoshika mkononi, anaweka kibao. Mambo aliyoyakuta watu wakiwa nayo usoni walipotoka yalimtosha. Kuna aliyetoka anacheka. Kuna aliyetoka amejiinamia, wenzake wakampisha bila kumtania, na kwa watu wa Kota hilo ni jambo kubwa.

Mama Sikitu aliingia, akatoka. Akarudi mwisho wa foleni. Akaingia tena.

"He, mara mbili?" Wakamshika akitoka. "Mama Sikitu, nyumba moja, Shangazi wawili?"

"Ana ya kwake na ya mtaa mzima!"

"Faili moja halimtoshi huyu, mdomo wote ule!"

Wakacheka sana. Yule kijana asiye na kipara akaigiza jinsi Mama Sikitu anavyomsimulia Shangazi mpaka Shangazi anaomba apumzike. Nyamizi alisubiri jibu, maana Mama Sikitu hajawahi kuachia neno lipite bila kulilipa. Mama Sikitu akafunga vizuri khanga yake kiunoni.

"Yangu ni mengi," akasema. "Mna shida?"

Akapanda ngazi. Kwenye kioo cha Nyamizi, kibao cha mlango wa Refa kilikuwa kimekaa mahali pake.

Ikabaki kuuzima mtambo na kuuwasha, ili usome vibao vipya. Kwa mashine ya umri ule, kuamka ni kazi. Nyamizi akawatangazia: mpaka taa za korido ziwake zenyewe, kuta zote zitakuwa bubu. Hakuna jiko la kuuliza, hakuna treni, hakuna Shangazi. Akazima. Mvumo uliokuwa masikioni mwa Kota tangu wengine hawajazaliwa ukanyamaza, na watu wakajikuta wanaongea kwa sauti ya chini bila kujua kwa nini.

*

Mama Sikitu alikuwa anasonga ugali kwenye sufuria la msibani. Wifi yake aliona ni aibu kurudi nalo Urambo likiwa halijapikiwa kitu, na unga ulikuwepo, kwa hiyo chakula kikawa cha watu ishirini kwa nyumba yenye watu wawili. Jua lilikuwa bado linaingia kwa pembeni, limepiga sakafu.

Kivuli kikasimama mlangoni.

Refa alikuwa amevaa shati la ndani tu. Mkono mmoja kikombe cha chai, mkono wa pili kikombe cha chai. Alikuwa ametembea kwa uangalifu asimwage. Akaingiza kichwa, akaangalia jiko, meza, pazia, kwa uso wa mtu anayejitahidi kukumbuka ni lini alibadilisha mapazia.

"Samahani, mama," akasema. "Nadhani… mwenzangu yuko humu? Nimebonyeza pale ukutani, kimya. Chai yake inapoa."

Wifi akainua kichwa. "Mwenzako ni na…" Mama Sikitu akamkanyaga mguu.

Akatazama kitufe cha ukutani. Kilikuwa kimezimika, cheusi kama jicho lililolala. Koridoni, Nyamizi alikuwa anapanda ngazi. Aliona mgongo wa mzee na vile vikombe viwili, akasimama hapo hapo, mkono kwenye chuma cha ngazi. Hakuwa na cha kubonyeza.

Mama Sikitu aliyajua maneno. Aliyajua yote, kwa mpangilio wake, bila kuongeza na bila kupunguza. Aliweka mwiko chini, akafuta mikono, akaenda mlangoni. Akapokea kikombe kimoja, kile cha mtu asiyekuwepo, akakishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kitu cha kutunza.

Shangazi alikuwa anamwambia msiba kwanza, ndipo anamtuma akale. Mama Sikitu akaona huo ukuta haujawahi kupika.

"Pita ndani, Refa," akasema kwa ile sauti ya upole. "Kaa kwanza kitini."

Refa akasita. Kitu kikapita usoni mwake, kikarudi, kikakaa. Macho yakaanza kujaa.

"Nimeshakalishwa hivi zamani, siyo?" akanong'ona. "Nimeshaambiwa."

"Umeshaambiwa, baba. Na nitakwambia tena ukitaka, nikiwa nimekaa pembeni yako. Lakini ugali huu wa moto, kisamvu kina karanga, na sufuria hili nikilila na wifi yangu peke yetu tutazikwa kweli." Akageuka, akapaza sauti kuelekea ngazi, ile sauti yake inayofika getini. "Na wewe Nyamizi, acha kusimama hapo kama tangazo! Nawa mikono, umshike Refa mkono, mje mle."